Mataruma: kwa nini gitaa lililoimarishwa sana linakuwa bubu

Mwezi wa nane mwaka jana kijana mmoja wa kwaya kutoka Katuba, hapa Lubumbashi, alinijia na gitaa lililofungwa ndani ya kitenge. "Papa, hii gitare ilikufa," akaniambia, akalilaza mezani taratibu kama anayelaza mtoto mgonjwa. Nililigeuza huku na huku, sikuona ufa. Shingo ilikuwa imenyooka, nyuzi zote sita mpya. Nikapiga uzi mmoja. Ukatoa sauti ya mtu anayesemea ndani ya gunia.

Nikawasha tochi ya simu na kuingiza kioo kidogo cha kunyolea kwenye tundu. Ndani, chini ya daraja, mlikuwa na pande la mulombwa, mbao nzito ya milango, upana wa vidole viwili na unene wa karibu sentimita mbili, limegandishwa kwa kole, yaani gundi, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Kijana akanieleza: gitaa lilianza kuvimba tumbo, wakalipeleka kwa menizye (seremala) wa mtaani, naye akafanya anachofanya kwa kila mlango uliopinda, akaongeza ubao. Tumbo likashuka, na sauti ikashuka nalo. Kwaya sasa imegawanyika. Wengine wanasema kole ndiyo mbaya, wengine wanasema gitaa lilikuwa la bei rahisi tangu mwanzo, na mama mmoja wa sauti ya kwanza anashikilia kwamba ubao mmoja hautoshi, wangeweka miwili.

Wote hao wanabishana juu ya kitu ambacho hawajawahi kukiona, na ambacho hata wauza magitaa wa katikati ya mji hawakitaji. Mimi si mwalimu wa kazi hii. Nachonga magitaa nyumbani, Kamalondo, jioni nikitoka kazini na siku za mapumziko. Nimemaliza matano, na mawili kati ya hayo huwa nayaficha wageni wakija. Lakini ni hayo mawili yaliyonifundisha mengi ya ninayoyaandika hapa.

Majina kwanza

Gitaa la mbao ni sanduku lenye shingo. Ubao wa mbele, ule wenye tundu, nitauita kifua. Wa nyuma ni mgongo, na zile mbao nyembamba za pembeni zilizokunjwa kwa joto ni mbavu. Nyuzi zimefungwa kwenye daraja, kipande cha mbao ngumu kilichogandishwa juu ya kifua, na zinapita juu ya mfupa mwembamba uliochomekwa kwenye daraja hilo. (Ni mfupa kweli: mimi natumia wa ng'ombe, nauchemsha, nauanika, nausugua kwa msasa.)

Upande wa ndani wa kifua kumegandishwa vijiti ambavyo mnunuzi havioni. Hapa Lubumbashi wanaovijua wanaviita barazhi, kwa Kifaransa. Mimi napenda zaidi neno la mafundi wa majahazi wa pwani: mataruma, yaani mbao za ndani zinazoshikilia ubavu wa chombo usibonyee kwa mawimbi. Moja ni taruma. Mvutano wote wa kwaya ya Katuba ni juu ya mataruma.

Sasa, sauti inatoka wapi? Chukua uzi wa gitaa, ufunge kati ya misumari miwili kwenye ukuta wa matofali, ukaze, upige. Hutasikia kitu cha maana. Uzi ni mwembamba mno, unaikata hewa bila kuisukuma. Jaribu kujipepea kwa waya katika joto la Oktoba, kisha jipepee kwa lungo, ule ungo wa kupepetea, utaona tofauti. Kifua cha gitaa ni lungo. Uzi unakitikisa kupitia daraja, nacho kwa upana wake kinaisukuma hewa mpaka ikufikie sikioni. Na nguvu yote ya kukitikisa inatoka kwenye kidole, hakuna umeme hapo. Kila gramu utakayoiongeza kwenye kifua itabebwa na kidole hicho hicho.

Msomaji aliyekulia kijijini ataniuliza: mbona ngoma haina mataruma, na mbona kalindula ya watoto, ile ya bati na ngozi, inalia vizuri bila kijiti ndani? Kwa sababu ngozi inakazwa ukingoni pote, na mkazo huo ndio unaoirudisha kila inapopigwa. Ubao haukazwi hivyo. Unajirudisha kwa ukakamavu wake wenyewe, yaani kule kukataa kwake kupinda. Ukiupunguza unene ili uwe mwepesi, unapoteza ukakamavu, na ukiuacha mnene ili uwe mkakamavu, unakuwa mzito. Mataruma ndiyo njia ya kutoka katika mtego huo: kifua kinarandwa mpaka kinakuwa chembamba, kisha kinasaidiwa na vijiti vichache vyepesi pale tu panapohitaji msaada.

Mifuko mitatu ya unga

Gitaa la nyuzi za chuma, hata zile nyembamba kiasi, likishakazwa hadi sauti yake ya kawaida, nyuzi zote sita kwa pamoja zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 70. Fikiria mifuko mitatu ya unga ya kilo 25 inayoning'inia usiku na mchana, miaka kumi, kwenye ubao wa unene wa milimita tatu hivi, sawa na kadi nne za benki zilizopangwa pamoja. Gitaa la nyuzi za nailoni linavutwa kwa karibu kilo 40, na ndiyo maana kifua chake kinaweza kuwa chembamba zaidi. Ukifunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni, jambo ninaloliona karibu kila mwezi mjini hapa, unalibebesha mzigo ambao halikuumbiwa. Halitavunjika siku hiyo. Litakusubiri.

Lakini mifuko ile haining'inii chini. Nyuzi zinavuta kwa ulalo, kuelekea shingoni, tena zinavuta zikiwa juu ya kifua kwa zaidi ya sentimita moja, pale kwenye mfupa. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Angalia mtu anavyong'oa msumari kwa nyundo ya masikio: anavuta mpini kwa pembeni, na kichwa cha nyundo kinazunguka. Daraja linafanyiwa hivyo hivyo. Nyuzi zinataka kulizungusha, mbele lizame kuelekea tundu, nyuma linyanyuke. Ndiyo sababu gitaa lililochoka lina bonde mbele ya daraja na kilima nyuma yake. Tunachokiita kuvimba tumbo ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni kule kubonyea mbele, ambako watu hawakuangalii.

Kwa hiyo mataruma yana mabwana wawili. Bwana wa kwanza ni mzigo: anataka daraja lisizunguke. Bwana wa pili ni sauti: anataka kifua kicheze. Fundi anayemsikiliza wa kwanza peke yake anatengeneza meza. Anayemsikiliza wa pili peke yake anapata gitaa linaloimba vizuri ajabu kwa miezi sita, kisha linajikunja kama chapati. Gitaa zuri linakaa karibu kabisa na mahali pa kubomoka, bila kufika.

Rula ya mwanafunzi

Chukua rula ya plastiki. Ishike kwa ubapa wake, ipinde: inakubali. Igeuze isimame kwa ukingo, jaribu tena kuipinda kwenda chini: inakataa kabisa. Rula ni ile ile, uzito ni ule ule. Kilichobadilika ni kimo.

Ningekuwa na dakika moja tu na yule menizye ningemwonyesha rula. Ukakamavu wa taruma unaongezeka sambamba na upana wake, lakini kwa kimo unaongezeka kwa kimo mara kimo mara kimo. Tuseme una taruma la upana wa milimita 6 na kimo cha milimita 12. Ukizidisha upana mara mbili, uzito umekuwa mara mbili na ukakamavu mara mbili. Ukiuacha upana, ukazidisha kimo mara mbili, uzito umekuwa mara mbili vile vile, ila ukakamavu umekuwa mara nane. Na kinyume chake kinatisha: ukilipunguza taruma lile kwa randa kutoka milimita 12 hadi 10, umeondoa moja ya sita ya mbao lakini umepoteza zaidi ya sehemu 40 kwa 100 za ukakamavu. Milimita mbili! Ni mipito michache ya randa kali. Gitaa langu la pili lilikufa hivyo, nikiwa nasikiliza redio.

Gitaa la kwanza lilikufa kwa upande wa pili. Nililiwekea mataruma mapana, ya mraba, mengi, kwa sababu nilikuwa nimefanya hesabu kwa jicho la mtu anayejenga paa. Lilikuwa na nguvu ya kukaliwa. Mtoto wa dada yangu alilikalia kweli, halikulia hata *kwi*. Lakini likipigwa, mtu wa chumba cha pili hakujua kama linapigwa.

Ndiyo maana mataruma ya gitaa zuri ni membamba na marefu kwa kimo, yamechongwa juu mpaka yanakuwa kama mgongo wa paa, na yanapungua kuelekea ncha. Mbao ya pembeni mwa mgongo huo ina uzito lakini haina kazi, basi inaondolewa. Mafundi wengine wanachimba taruma katikati ya urefu wake kama mwezi mwandamo ili kifua kilegee zaidi. Kampuni ya Martin ya Marekani ilikuwa ikifanya hivyo kwa miaka mingi, ikaacha mwaka 1944 kwa sababu wapigaji walikuwa wanafunga nyuzi nene na magitaa yalikuwa yanarudi yamechoka. Bwana wa kwanza alishinda siku hiyo.

Ngazi, feni, na msalaba

Ubao una tabia moja ambayo kila anayepasua kuni anaijua: kwa urefu wa mistari yake unakataa kupinda, kwa mkato wa mistari unakubali haraka. Katika mbao za kifua tofauti inaweza kuwa mara kumi na zaidi. Mpangilio wa mataruma ni jibu la tabia hiyo, na kuna majibu matatu makubwa.

La kwanza ni ngazi: vijiti vinavyokatiza kifua kutoka ubavu hadi ubavu, kama vipago vya ngazi. Ni jibu la zamani na rahisi kutengeneza, na magitaa mengi ya bei ndogo yalijengwa hivyo. Linasaidia ubao pale ulipo dhaifu, kwa mkato. Lakini nyuzi zinavuta kwa urefu, na kwa urefu ngazi haisaidii kitu, kifua kinaachwa peke yake kupambana na daraja linalozunguka. Magitaa ya ngazi yanapovimba, yanavimba hasa.

La pili ni feni: vijiti vyembamba vinavyoanzia karibu na tundu na kutawanyika kuelekea chini kama vidole vya mkono uliofunguka. Mhispania Antonio de Torres, aliyezaliwa mwaka 1817 na kufa mwaka 1892, hakuwa wa kwanza kuipanga hivyo lakini ndiye aliyeikomaza, kwa vijiti saba, na magitaa ya nailoni ya leo mengi bado yanamfuata. Yanafaa kwa mzigo mdogo.

La tatu ni msalaba: mataruma mawili marefu yanayokatana kati ya tundu na daraja, miguu yake ikipita chini ya ncha mbili za daraja. Christian Friedrich Martin, Mjerumani aliyehamia Marekani mwaka 1833, na mafundi wenzake wahamiaji walianza kuutumia miaka ya 1840. Wakati huo nyuzi zilikuwa za utumbo wa wanyama. Nyuzi za chuma zilipoenea, miaka ya 1920, msalaba ukakutwa tayari unaweza kuubeba mzigo mpya, kwa sababu mguu uliolala kwa mshazari unasaidia kwa urefu na kwa mkato kwa pamoja. Pale miguu inapokatana kila mmoja umechimbwa nusu ili uingie katika mwenzake, na mmoja kati yao unabaki na pengo upande wa wazi. Usisahau kuliziba pengo hilo kwa kibandiko cha mbao au kitambaa chenye kole. Ni sehemu ndogo kuliko ukucha, lakini iko kwenye kitovu cha mzigo wote.

Je, msalaba ni bora kuliko yote? Swali hili naulizwa sana na vijana waliotazama video. Jibu langu: kwa nyuzi za chuma na mtu anayeanza, ndiyo, fanya msalaba. Ila usiamini kwamba ngazi ni takataka. Ina sauti yake, kavu, inayoruka upesi na kuzimika upesi, na kuna wapigaji wanaoitafuta kwa makusudi. Muziki wetu wa vidole una madai yake pia. Mwenda Jean-Bosco, Mwenda wa Bayeke, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada. Vidole viwili, wala havikuvuta kwa nguvu. Anayepiga namna hiyo anahitaji kifua kinachoitika kwa mguso mdogo, kwa hiyo mimi nikimchongea mtu wa vidole namwekea msalaba mwembamba na kumwomba aape hatafunga nyuzi nene.

Mbao ya thamani

Katanga hatuna uhaba wa mbao zenye jina. Mulombwa unatengenezea milango na vitanda, mukula umesafirishwa kwa malori mpaka misitu ikalia. Basi watu wanadhani gitaa la mukula mtupu ndilo gitaa la mfalme. Kwa mgongo na mbavu, sawa, linapendeza. Kwa kifua na mataruma, hapana, kwa sababu ile ile ya lungo: ni nzito mno.

Torres aliliona jambo hili kabla yetu. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni kartoni, kifua peke yake ndicho ubao mzuri. Alitaka kuonyesha kwamba sauti inaamuliwa na kifua. Gitaa hilo bado lipo, katika jumba la makumbusho ya muziki Barcelona. Huwa namkumbuka mtu akiniambia hawezi kuanza kuchonga kwa sababu hana mbao ya maelfu.

Kinachotakiwa kifuani ni mbao nyepesi na kakamavu. Duniani wengi wanatumia episea, mti wa jamii ya msonobari unaoota Ulaya na Amerika Kaskazini, au seda. Haioti hapa. Lakini inakuja hapa kila wiki, ndani ya makasha ya mashine za migodi! Makasha hayo mara nyingi ni episea au msonobari, na mbao zake ni fupi kwa kifua lakini zinatosha kabisa kwa mataruma. Tafuta alama iliyochomwa kwenye ubao: ikiwa na HT, ulitibiwa kwa joto, chukua. Ikiwa na MB, ulifukizwa sumu, mwachie mwenyewe.

Usikate mataruma kwa msumeno moja kwa moja. Kwanza pasua. Weka makali ya panga juu ya kichwa cha kipande, gonga kwa nyundo ya mti, acha mpasuko uende unakotaka. Ukitoka umenyooka, mistari ya mbao inakwenda toka ncha hadi ncha, na hicho kijiti kitabeba. Ukitoka umepinda ukaishia ubavuni, mistari inakatika njiani, na taruma lako lingevunjikia hapo hapo hata kama kwa macho lilikuwa zuri. Katika ubao mmoja wa kasha napata vipande vinne au vitano vya kweli. Vingine vinaingia kwenye mbabula, jiko la makaa. Kisha taruma linasimamishwa hivi kwamba miduara ya umri wa mti isimame wima, kama kurasa za kitabu kilichosimama rafuni.

Mlango wa Januari

Hapa ndipo vitabu vya wageni vinapotuacha, maana viliandikwa na watu wenye majira mengine.

Kila nyumba ya Lubumbashi ina mlango usiofunga mwezi wa Januari. Septemba mlango huo huo unafunguka kwa upepo. Mbao inakunywa unyevu wa masika na kutanuka, inakauka kiangazi na kusinyaa, na inafanya hivyo kwa mkato wa mistari, kwa urefu karibu haibadiliki. Kifua chenye upana wa sentimita 40 kinaweza kutofautiana milimita mbili hadi tatu kati ya mvua na ukavu. Sasa taruma linalokatiza kifua lina mistari inayokwenda kwa upana wa gitaa, kwa hiyo lenyewe halisinyai. Kifua kinataka kusogea, taruma linakataa. Mmoja wao lazima akubali kushindwa.

Ukigandisha mataruma Januari, kifua kikiwa kimeshiba maji, ukavu ukija kitataka kujikusanya na hakitaweza. Kitazama, kisha kitapasuka, mara nyingi katikati au kandokando ya daraja. Ukigandisha wakati wa ukavu, mvua ikija kifua kitatanuka na kupanda juu kidogo kama paa la gari la zamani. Hiyo inavumilika. Kwa hiyo kwangu mataruma yanagandishwa Agosti na Septemba, na miezi ya mvua nachonga shingo, madaraja na mengine yasiyoshika kifua. Nilimweleza hivyo rafiki mmoja wa Bukavu akacheka, kwao mvua haijui kalenda. Yeye anakausha mbao zake kwenye kabati lenye balbu ya umeme, umeme ukiwepo.

Kipimo cha unyevu kinauzwa, lakini unaweza kujitengenezea. Chukua utepe mwembamba wa mbao uliokatwa kwa mkato wa mistari, ugandishe mgongoni mwa utepe mwingine uliokatwa kwa urefu, urefu wa kalamu mbili, ubane ncha moja ukutani. Hewa ikikauka utepe unapinda upande mmoja, ikilowa unapinda wa pili. Wangu uko juu ya mlango wa jikoni na nimeuchorea mstari mwekundu. Ukipita mstari, sigandishi kitu.

Jambo la mwisho la ufundi: kifua si bapa. Sehemu ya chini ya kila taruma inachongwa na tao dogo sana, kama kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha mita 8, ambalo kwa taruma la sentimita 40 linafikia milimita mbili na nusu katikati. Tao linaupa ubao ukakamavu bila kuuongezea uzito, na linaupa nafasi ya kushuka wakati wa ukavu kabla haujafika hatarini. Kulibana wakati kole inakauka hakuhitaji vibano vya duka. Nimelaza kifua chini ya meza, juu ya ubao uliochimbwa tao hilo, na kati ya meza na mataruma nachomeka fito za mianzi ndefu kidogo kuliko nafasi iliyopo, zinajipinda na kusukuma. Fito ishirini, ishirini na tano. Mke wangu anaiita zizi la mbuzi.

Na habari ya kugonga? Utamwona fundi ameshika kifua kwa vidole viwili, anakigonga kama anayechagua tikitimaji, anaondoa vumbi la taruma, anagonga tena, anatikisa kichwa. Watu wanadhani ni uganga. Kuna ukweli ndani yake: kifua kizito kinajibu *tok* fupi, na kadiri unavyochonga jibu linashuka na kurefuka. Lakini sikio la anayeanza linadanganywa na njaa, na redio, na matumaini. Mimi nalaza kifua juu ya mihimili miwili, naweka chupa ya maji ya lita moja na nusu katikati, napima kimezama kiasi gani, naandika. Baada ya magitaa matano karatasi hizo zinanisaidia kuliko sikio.

Gitaa la Katuba

Kuliondoa pande la mulombwa kulinichukua jioni mbili. Kole nyeupe inalegea kwa joto, basi nilipasha kisu cha meza kwenye mbabula na kukisukuma polepole kupitia tundu, sentimita kwa sentimita, nikijilaani. Lilipotoka nililipima kwenye mizani ya mama muuza samaki wa jirani: gramu 155. Kifua kizima cha gitaa la ukubwa ule kina kama gramu 150. Menizye alikuwa ameligandishia gitaa kifua cha pili, tena mahali pale pale ambapo cha kwanza kinatakiwa kucheza zaidi.

Chini yake nikaona ugonjwa wenyewe. Mguu mmoja wa msalaba ulikuwa umebanduka, kama sentimita saba, kuanzia karibu na daraja. Kipande cha karatasi kilipita kati yake na kifua bila kuguswa. Hicho ndicho kilichovimbisha tumbo. Taruma lililobanduka halibebi kitu, na dalili yake huwa ni mlio wa nzi kwenye sauti moja au mbili, ambao kijana alikumbuka kweli kwamba ulitangulia. Gitaa lako likianza kuvimba, kabla ya kulipeleka popote, legeza nyuzi, ingiza kioo na tochi, na pitisha ukingo wa karatasi chini ya kila taruma unalolifikia. Kisha weka rula nyuma ya daraja kwa upana wa gitaa: kilima kidogo cha milimita mbili au tatu ni tao lake la kawaida, hakihitaji dawa. Kikizidi hapo na daraja limeanza kuinama mbele, au unaona mwanga chini ya ukingo wake wa nyuma, hapo kuna kazi.

Niliingiza kole kwa sindano ya hospitali isiyo na ncha, nikasimamisha fito mbili fupi kutoka mgongoni hadi kwenye taruma, nikaacha siku moja. Nyuzi nilifunga nyembamba. Kijana alipolijaribu pale pale uani, mbwa wa jirani alisimama.

Mama wa sauti ya kwanza alinipigia simu jioni ya Jumapili kuuliza kama ni kweli nimetoa ubao na sikuweka mwingine. Nikamwambia ni kweli, mama. Akaguna. Pande lile nimelikata, limetoa madaraja mawili, na moja tayari liko juu ya gitaa la sita, ambalo nitalifunga nyuzi mvua zikianza.